Mpini Ulioloweshwa

Kijana wa kisa hiki hakuwa mvivu, na ndiyo maana kisa chake kinafaa kusimuliwa. Mvivu angeharibu mpini mmoja akaachia hapo. Huyu alitengeneza mipini mafungu kwa mafungu chini ya mwembe, kwenye njia inayoteremka kuelekea Mto Kuja, na wachimbaji wa dhahabu wa Macalder, kule Nyatike, walimjia hata kutoka Osiri na Mikei kwa sababu mpini wake ulikuwa tayari kabla mteja hajamaliza chai. Yeye ni mtu wa hadithi, usije ukaenda kumtafuta. Kazi ya mikono yake ndiyo si hadithi. Kila anayechimba dhahabu Nyatike amewahi kuishika.

Macalder ni mji wa nyundo. Dhahabu ya ukanda wa Migori ilikuwa ikichimbwa na wazungu miaka ya 1930, na baadaye mgodi wa Macalder ukatoa shaba, dhahabu na fedha mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Kampuni ikaondoka, watu wakabaki na miamba. Tangu hapo kinachoingia ardhini ni nguvu za mwili: tindo na nyundo kule chini gizani, sururu na mtaimbo, kamba na winchi ya magogo juu, na kando ya mashimo akina mama walioketi wakiponda mawe mpaka yawe kokoto. Siku hizi mashine za kusaga zimejaa, lakini jiwe halifiki kwenye mashine kabla halijapigwa nyundo. Na kila nyundo ina mahali pamoja, pasipozidi upana wa vidole vitatu, ambapo mti unakutana na chuma. Kazi yote ya shimo hupitia hapo.

Sasa tazama alivyofanya. Alfajiri alikata vijiti vya mkaratusi, vikiwa bado vinatoka maji. Kwa panga alivitoa ganda, kwa tupa akapunguza ncha mpaka ikakaribia kuingia kwenye tundu la nyundo, kisha akaupigilia mpini kwa gogo hadi ukatokeza upande wa pili. Mti mbichi hauna ubishi. Unabonyea, unajaza kila pembe ya tundu, na ukiugonga unatoa mlio mzito unaomridhisha mnunuzi. Juu alipiga misumari miwili ya inchi 4 badala ya kabari, akaikunja vichwa. Mteja alipoipunga nyundo hewani haikucheza hata kidogo, na kwa siku hiyo hapakuwa na kasoro yoyote ya kumlaumu.

Kasoro ilikuwa njiani. Mti uliokatwa leo umejaa maji, na si maji yote yana athari moja. Yale yaliyomo kwenye vijitundu vya ndani hutoka kwanza bila kubadili umbo la mti. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, kuta za nyuzi zenyewe ndizo zinazoanza kukauka, na hapo mti husinyaa. Tena hausinyai sawasawa. Kwa urefu karibu haubadiliki. Kutoka ganda kuelekea kiini hupungua kidogo, na kwa kuzunguka shina hupungua karibu mara mbili ya hapo. Miti mingi hupoteza asilimia 4 hadi 6 ya upana huo ikikauka kivulini. Chukua tundu la nyundo lenye upana wa milimita 25, ufanye hesabu mwenyewe: nafasi ya milimita 1 au zaidi imezaliwa mahali ambapo juzi hata unywele haukupita. Chuma nacho hakisinyai kwa kukauka. Tundu linabaki vilevile lilivyotoka kiwandani.

Milimita 1 kwenye mlango wa choo si kitu. Kwenye nyundo ya kilo 2 inayopigwa mamia ya mara kwa siku, ni uwanja. Kichwa cha nyundo kinapata pa kukimbilia, na kila pigo kinagonga mpini wake kabla hakijagonga jiwe.

Kwa hiyo wateja walirudi. "Omera, nyundo yako inacheza." Kijana hakubabaika hata siku moja, kwa kuwa jibu alikuwa nalo: "Iloweshe." Nyundo ikalazwa kwenye karai la maji, na asubuhi ikawa imekaza kama ilivyotoka mikononi mwake. Hakumtoza mtu hata shilingi kwa ushauri huo, na watu wakampenda zaidi.

Ushauri wenyewe hakuubuni yeye. Utausikia Homa Bay kwa mkulima wa jembe, utausikia Lamu kwa mchonga mashua, na wote wanaoutoa wameuona ukifanya kazi kwa macho yao. Hilo ndilo tatizo lake. Mti uliolowa unataka kuvimba. Ukiwa huru utavimba na kusinyaa tena bila madhara makubwa, lakini ukiwa umezungukwa na chuma hauna pa kwenda, na nguvu ya kuvimba inaurudia wenyewe. Nyuzi zinapondeka. Usiku huo nyundo inakaza kwa sababu mti unausukuma ukuta wa tundu, na jua likipanda, maji yakitoka, nyuzi zilizopondeka hazirudii unene wake. Mpini unasinyaa kupita ulivyokuwa kabla ya kuingizwa majini. Loweka tena na utakaza, ila kidogo kuliko jana. Kila usiku ndani ya karai ni mkopo, na riba inakatwa kwenye unene wa mpini.

Misumari nayo ilikuwa na mambo yake. Mti mbichi, hasa wenye utomvu mkali kama mkaratusi, ukikutana na chuma na maji, chuma kinashika kutu na mti unaokizunguka unakuwa mweusi. Weusi huo si rangi tu. Nyuzi za hapo zinadhoofika, na msumari uliowekwa ili ushike unabaki ukielea ndani ya tope la mti. Watengenezaji mashua wa Karungu wanalijua hilo vizuri kuliko sisi wa nchi kavu. Kabla hawajainunua mashua kuukuu huangalia kwanza mbao iliyozunguka misumari, wala hawahangaiki na rangi.

Na shimo la dhahabu lina hila yake ambayo shamba halina. Chini kuna unyevu. Kuta zinatoka jasho, mara nyingi maji yanatuama miguuni, na mpini unaoshinda huko unakunywa unyevu mchana kutwa. Mchimbaji anaijaribu nyundo yake palepale chini, anaiona imekaza, anaiamini. Kisha inapandishwa juu na kutupwa kwenye vifusi vinavyochomwa na jua la Nyatike. Baada ya saa chache si nyundo ileile. Kwa maneno mengine, nyundo ya mpini mbovu ni salama zaidi pale inapotishia kuwa hatari, na ni hatari pale ambapo kila mtu amepumzika na kuwasha sigara.

Kulikuwa na mzee aliyepita njia ile mara kwa mara, watu wakimwita Jaduong', yaani Mzee, na basi. Ujana wake ulikwisha kwenye ghala la silaha la polisi, akiwa msaidizi wa fundi, na hakuwa mtu wa mitutu. Alikuwa mtu wa mbao. Alishughulika na vitako vya zile Lee-Enfield za risasi ya .303 ambazo mkoloni aliziacha na askari wakaendelea kuzibeba baada ya Uhuru. Siku moja alisimama chini ya mwembe, akaokota mpini mpya, akaunusa.

"Wuoda, mti huu umeukata lini?"

"Leo, Jaduong'. Mbichi unashika vizuri."

"Unashika leo."

"Nao wananunua leo."

Mzee akacheka, maana jibu lilikuwa la kweli. "Kitako cha bunduki tulikuwa tunaletewa mti uliokauka miaka, na bado hatukuuamini. Fundi wangu alikuwa akiuweka dukani mwetu wiki nzima kabla hajaugusa, eti uzoee hewa ya humu."

"Ile ni bunduki, Jaduong'. Hii ni ya kuvunjia mawe tu."

Mzee hakubishana. Alirudisha mpini kwenye fungu lake, akaaga, akaenda zake. Wapo watakaosema angekazana. Mimi nasema mtu mzima akishamwambia kijana aliye na wateja watatu mbele yake, amekwisha kusema.

Ngoja tukae kidogo kwenye hiyo bunduki, kwa sababu mzee hakuitaja kwa majivuno. Wengi wetu hudhani kitako ni pambo au kishikio. Bunduki ikifyatuliwa, chuma chote kinarudi nyuma kwa kishindo, na mti ndio unaokipokea, tena kwenye nyuso ndogo chache. Chuma kikiugusa mti upande mmoja na kuacha mwingine, kishindo chote kinarundikana pale kilipogusa, na mti unapasuka kwa kufuata nyuzi. Mti ukisinyaa, skrubu zinabaki zimeshika hewa, chuma kinahama kila risasi, na shabaha inapotea hata kama mpigaji ni hodari. Waingereza walichagua mti wa jozi kwa sababu ukikauka vizuri hautembei sana. Australia, kiwanda cha Lithgow kilipolazimika kutumia mti wa kienyeji ulio laini kuliko jozi, waliweka vibamba vya shaba pale chuma kinaposukuma mti ili mti usipondeke. India, kiwanda cha Ishapore kiliongeza skrubu iliyokatiza mbao ya mbele ili isipasuke. Serikali nzima nzima, zenye wahandisi na bajeti ya vita, zilihangaishwa na ile milimita yetu.

Sisemi haya ili mtu akajaribu. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu asiye na leseni kuunda wala kukarabati bunduki, na jela yake si ya mzaha. Bunduki ibaki ghalani kwake. Tunachokitaka ni adabu ya yule fundi aliyeuweka mti wiki nzima akiutazama tu.

Turudi kwenye kisa. Ilikuwa kiangazi cha Januari. Shimo lilikuwa na kina cha mita 20 hivi, mtu mmoja chini akijaza mawe kwenye gunia, watatu juu kwenye winchi. Nguzo moja ya winchi ilikuwa imelegea kwenye mwamba, na aliyekuwa karibu akaokota nyundo ili aigongomee kabari. Nyundo ile ilikuwa ya mpini wa mwembeni, imeshalala kwenye karai usiku mwingi, na asubuhi hiyo ilikuwa imepandishwa na kuachwa juani. Pigo la kwanza, la pili. La tatu lilipotua, mkononi mwake palibaki kijiti.

Kichwa hakikuruka mbali kama watu wanavyodhani. Kiligonga gogo, kikageuka, kikaanguka kwenye mdomo wa shimo.

Kitu kinachoangushwa mita 20 kinafika chini baada ya sekunde 2, kikienda kwa kasi ya takriban kilomita 71 kwa saa. Sekunde 2 hazitoshi kuita jina la mtu. Walioko juu waliita hata hivyo. Aliyekuwa chini alikuwa ameinama kufunga gunia, kichwani ana kofia ya sufi, na chuma kile cha kilo 2 kikamshukia begani kikavunja mfupa wa mtulinga na kumchana mgongo. Angekuwa amesimama wima, hadithi hii isingekuwa na la kufundisha, ingekuwa tanzia. Wakamtoa kwa winchi ileile, nguzo yake ikiwa bado inacheza.

Mchango ukapita, gharama za hospitali zikalipwa nusu kwa pesa na nusu kwa ahadi. Kijana wa mipini alitoa zaidi ya wote, na hakuna aliyemlaumu hadharani. Ajali ni ajali, walisema, shimo lina bahati zake. Huo ndio msemo unaoniudhi kuliko mipini yote mibovu ya Nyatike. Bahati haikuhusika. Kile kijiti kilikuwa kimeandika kila kitu, na Jaduong' ndiye aliyekisoma.

Alikiomba, akaja nacho mwembeni pamoja na kichwa cha nyundo. Akavipanga juu ya benchi bila kusema neno. Ncha ya mpini ilikuwa nyeusi na inang'aa, imesuguliwa na chuma mpaka laini. Kiunoni ilikuwa imebonyea, nyuzi zimelala kwa namna isiyo ya asili. Misumari ilikuwa imeliwa na kutu, mmoja ulitoka kwa kuvutwa kwa kucha. Mzee akaurudisha mpini tunduni, ukaingia kwa uzito wake wenyewe na kubakiza nafasi ya kupitisha ukucha.

"Ulikuwa umeujaza huu?"

"Nilikuwa nimeujaza, Jaduong'. Niliupiga kwa gogo."

"Nakuamini. Sasa niambie, ule unene umekwenda wapi?"

Kijana hakuwa na jibu. Mzee akageuza kichwa cha nyundo, akaonyesha uso wake. Ulikuwa umevimba pembeni, umetoa ndevu za chuma zilizokunjika. Mtu fulani, huenda si kijana huyu, aliwahi kuutupa motoni ili kuchoma kipande cha mpini wa zamani kilichonasa, kama wengi wanavyofanya jikoni kwao. Uso wa nyundo umetiwa ugumu kwa moto na maji kiwandani, na moto wa mkaa unaweza kuuondoa ugumu huo kwa jioni moja. Baada ya hapo uso unafumuka, na siku moja ule ukingo wa ndevu unameguka na kwenda kwenye jicho la mtu. Kipande kilichonasa kinatolewa kwa kukitoboa na kukigonga kwa patasi. Inachukua nusu saa. Ndiyo kazi.

Alichofundisha baadaye nitakieleza kwa urefu pale kinapostahili tu. Mti kwanza. Pwani watu wa mipini husifu mkole. Huku kwetu ndugu yake ni powo, na siala ipo kila boma, na mpera mzee ukiupata usiuache. Muhimu kuliko jina la mti ni namna ya kuutoa: upasue kwa kabari, usiupasue kwa msumeno. Msumeno unapita popote unapoelekezwa, hata kama unakata nyuzi kwa mshazari, na mpini wa namna hiyo huvunjika siku ya pili kwa ufa mrefu wenye ncha. Kabari inalazimika kufuata nyuzi. Kisha paka ncha zote mbili nta au rangi ili zisikauke haraka na kupasuka, uviweke vipande juu ya dari ya jiko, mbali na moto wenyewe. Kanuni ya zamani ya maseremala ni mwaka kwa kila inchi ya unene, ingawa kijiti chembamba kwenye joto la ziwa hakingoji kiasi hicho. Macalder haikosi mizani. Pima kijiti kwenye mizani ya dukani, andika uzito kwa mkaa juu yake, rudia kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mti uko tayari. Hakuna siri nyingine.

Kilichomshangaza kijana ni masizi. Jaduong' aliwasha kibatari, akakishikia kipande cha bati juu yake mpaka kikawa cheusi tititi, akachanganya masizi hayo na tone la mafuta, akapaka ndani ya tundu la nyundo kwa kidole. Mpini mkavu akauchonga ukiwa mnene kidogo kuliko tundu, akausukuma kwa mkono mpaka ulipokwama, akauchomoa. Palikuwa na madoa mawili meusi, moja huku na jingine kule, sehemu nyingine yote nyeupe.

"Hapo tu ndipo panapogusa," akasema. "Nyundo yako yote ilikuwa imeshikwa na madoa mawili."

Akapitisha tupa kwenye madoa na kuacha peupe. Akarudisha, akachomoa. Madoa manne. Tupa tena. Hivyo hivyo ndivyo walivyokuwa wakikaa na kitako kwenye ghala la silaha, kutwa nzima, wakitafuta weusi ulioenea. Mkono unadanganya, na jicho linadanganya zaidi. Mti unaoonekana umejaa tundu unaweza kuwa unagusa kwenye ukingo mmoja tu. Weusi hauna sababu ya kudanganya. Kufikia adhuhuri ncha ya mpini ilikuwa nyeusi kuizunguka yote, na mpini ulikuwa haujapigwa hata mara moja.

Kuupigilia nako kuna adabu. Tundu la nyundo nzuri si bomba lililonyooka. Limebanwa katikati na kupanuka kwenye midomo yote miwili. Mzee alishika mpini wima, kichwa cha nyundo kikining'inia chini hewani, akagonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Kijana alidhani kichwa kitaanguka. Kilipanda. Uzito wa chuma unakifanya kibaki mahali pake wakati mti unapokipita, na kila pigo mpini unazama ndani yake zaidi, bila kupasuka. Kilipofika mwisho, kabari ya mti mgumu uliokauka ilipigwa kwenye ufa uliokuwa umekatwa mapema kwa msumeno, ikautanua mpini ukajaza mdomo wa juu uliopanuka. Sasa kichwa hakiwezi kutoka bila mti kupita tena kwenye kiuno chembamba. Kabari ndogo ya chuma ikafuata, kwa mshazari, kuizuia ile ya mti. Msumari hauwezi kazi hiyo, maana ni mwembamba wa mviringo. Unapasua lakini hautanui. Mwishoni akasugua ncha kwa mafuta ya kitani, siku kadhaa mfululizo. Mafuta yanaingia kwenye nyuzi na hayakauki yakaondoka kama maji.

Kwa sururu hali ni nyingine, na nashangaa wachache wanaijali. Mpini wa sururu huingizwa kwa ncha nyembamba na kutelezeshwa mpaka ule mnene ubanwe tunduni, kwa hiyo kila ukiinua na kupiga, chuma kinazidi kujikaza. Shoka la kienyeji la babu zetu lilikuwa na werevu huohuo kwa kinyume: chuma kilikuwa na mkia, ukapenyezwa kwenye tundu lililochomwa kwa chuma chekundu katikati ya kirungu cha mti, na kila pigo likaupeleka mkia ndani zaidi. Vifaa hivyo viwili vinasamehe uzembe. Nyundo haisamehi, na nyundo ndiyo tunayoitumia kwa wingi.

Kijana alijifunza. Ningependa kuandika kwamba mambo yake yalinyooka, lakini hadithi inayodanganya mwishoni haina maana ya kusimuliwa. Alipoanza kuuza mipini mikavu yenye kabari, bei ikapanda na fungu likapungua. Mteja alifika, akauliza, akaguna, akavuka barabara kwenda kwa mwingine aliyekuwa ameshaanza kukata mkaratusi alfajiri. Mteja yuleyule alikuwa ametoka kulipia mafuta ya pampu, kamba mpya na chakula cha watu wanane bila kunung'unika.

Kwa hiyo lawama nyingi siziweki mwembeni. Fundi hutengeneza anachonunuliwa. Zebaki, ambayo kweli ni sumu, imefanyiwa mikutano tangu Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, na ni haki yake. Kuporomoka kwa mashimo kunatangazwa redioni. Mpini hakuna anayeuitia mkutano, kwa sababu unaua au kulemaza mmojammoja, kimyakimya, na daima pana mtu tayari kuita bahati.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtambua mchimbaji mdogo aliye ndani ya ushirika. Basi ushirika usiwe wa kukusanya sahihi peke yake. Kila kundi linaweza kuwa na chanja moja ya vijiti juu ya jiko, kila kijiti kimeandikwa tarehe na uzito kwa mkaa, na fundi mmoja anayelipwa kwa kungoja kama anavyolipwa kwa kuchonga. Nyundo ikaguliwe inaposhuka na ikaguliwe tena inapopanda, na asipige mtu nyundo kwenye mdomo wa shimo wakati mwenzake yuko chini. Nawe mwenye shimo unayesoma haya, pita leo jioni penye vifaa vyako. Nyundo utakayoikuta imelala ndani ya karai la maji, itoe, ukate mpini wake, na usimkabidhi mtu mpaka iwe na mpini mkavu.